Umeme wa Lufira, makala ya Kapolowe: historia ya moto uliosaidiwa na moto uliotozwa kodi

Leo tuzungumze juu ya makala. Jirani wa Tanzania akisoma asichanganyikiwe: kwetu Katanga makala ni makaa ya miti, si habari ya gazeti. Kiangazi kimefika na barabara ya Likasi imejaa tena baisikeli, zile tunazoziita kinga, zimebeba magunia mawili au matatu, na mwenyewe anasukuma kwa mguu. Juu ya kichwa chake zinapita nyaya nene za umeme kutoka Mwadingusha. Swali linalorudi kila mara kwa wasikilizaji wetu ni hili: sisi tunaokaa karibu na bwawa tangu mwaka 1930, kwa nini bado tunapika kwa mbabula?

Wengi wanajibu haraka kwamba ni umaskini, au kwamba SNEL haifanyi kazi. Yote mawili yana ukweli wake, lakini ukifuata historia utaona jambo lingine. Serikali zilizopita hapa, ya Wabeleji na zetu wenyewe, zimesaidia sana moto: zimetoa ruhusa, mikopo, misamaha ya ushuru. Ulikuwa moto wa shaba. Moto wa jikoni haukuhesabiwa kuwa nishati, ulihesabiwa kuwa kosa la msitu au mapato ya barabarani.

Tuanze mbali. Kabla ya kampuni yoyote, Wasanga wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha shaba wenyewe. Walichimba jiwe la kijani, malakita, huko Kambove, Likasi na kwingine, wakajenga tanuru ndogo kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama mali ya kubadilishana mpaka mbali sana, na biashara hiyo ndiyo iliyompa nguvu Msiri wa Bayeke katika karne ya 19. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na ilikuwa na mabwana wake, siri zake na dawa zake. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, wa shirika la Wabenedikto, aliandika juu yao mwaka 1926 akawaita walaji wa shaba. Wanahistoria wanapenda kuangalia ule msalaba. Mimi naangalia kilichokuwa chini yake: makala ya miti migumu. Bila makala hakuna shaba. Mchoma-makala wa wakati ule alikuwa fundi ndani ya kazi kubwa, na hakuna aliyemwita mharibifu.

Halafu ikaja Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Tanuru hilo lilikula koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa, kutoka Wankie kule Rhodesia Kusini. Ni njia ndefu, na Wabeleji hawakupenda moto wao utegemee mgodi ulio katika nchi ya Waingereza. Wakageuza macho kwenye Lufira, kwenye maporomoko ambayo mzungu aliyapa jina la Cornet, kwa heshima ya mjiolojia Jules Cornet aliyepita Katanga mwaka 1892.

Hapo ndipo Kapolowe inaingia katika hadithi. Kampuni ya umeme iliyoitwa Sogefor, iliyokuwa ndani ya familia ileile ya Union Minière, ilijenga bwawa na mitambo Mwadingusha. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, Likasi, kilianza kusafisha shaba kwa nguvu ya umeme, na mwaka 1930 Mwadingusha ikawa tayari kukilisha. Maji yakarudi nyuma, yakafunika bonde la Lufira kwa mamia ya kilomita za mraba, yakawa ziwa letu la Tshangalele. Ardhi ya mababu ikaenda chini ya maji. Samaki walikuja, na Kapolowe ikawa jina la samaki katika masoko ya Likasi na Lubumbashi, hilo hatukatai. Lakini samaki huyo, ukitaka afike salama, unamkausha kwa moshi, na moshi ni kuni. Ziwa la umeme likaongeza kazi ya shoka!

Baada ya Mwadingusha ikaja Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka ya 1950. Ukisoma jinsi mitambo hiyo ilivyopangwa, kipimo ni tani za shaba. Sehemu ya kambi za wafanyakazi na mitaa ya wazungu ilipata umeme. Vijiji havikuwa kwenye hesabu.

Uhuru ulipokuja hesabu haikubadilika sana. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. SNEL ilizaliwa mwaka 1970 na mitambo ya Lufira ikaingia mikononi mwake. Kisha Rais Mobutu akaamua kuvuta umeme kutoka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi: waya wa kilomita zipatazo 1,700, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni mojawapo ya nyaya ndefu zilizowahi kujengwa duniani kwa wakati ule, na ulipita juu ya vijiji vingi bila kuacha hata taa moja, kwa sababu umeme wa aina ile hauwezi kushushwa njiani bila kituo cha gharama kubwa. Deni tulilipa sote. Shaba ndiyo iliyopata umeme.

Sasa turudi jikoni. Watu wa mjini wanauliza kwa nini mchoma-makala asiuze kuni tu. Jibu liko kwenye baisikeli. Gunia la makala ni jepesi kuliko kuni zenye moto uleule, halitoi moshi mwingi ndani ya nyumba ya kupanga, halioli, na mama anaweza kulinunua kwa kipimo kidogo kidogo, hata kwa sahani, kwa pesa ya siku moja. Sombe inataka moto wa saa nyingi, maharagwe vilevile. Bukari inataka moto mkali wa muda mfupi. Mbabula inafanya yote.

Kule porini kazi ni ngumu kuliko wengi wanavyofikiri. Mchomaji anachagua miti mizito ya msitu wetu wa miombo, mutondo au mubanga, anaikata, anaipanga kama kitanda, anaifunika kwa majani na mabonge ya udongo, kisha anawasha kupitia tundu dogo. Hapo usingizi unaisha. Udongo ukipasuka, hewa inaingia na kila kitu kinakuwa majivu. Atalala pembeni siku nyingi, wakati mwingine wiki mbili, akiziba nyufa. Na hata kazi ikienda vizuri, tanuru ya udongo hula tani tano mpaka kumi za kuni ili itoe tani moja ya makala. Hasara hiyo ndiyo adui mkubwa wa msitu. Fundi aliyefundishwa kukausha miti na kupanga bomba la moshi anapata makala zaidi kwa miti ileile, lakini nani alimlipia mafunzo?

Biashara hii ilikuwapo tangu zamani, ila iliyoifanya kuwa kubwa namna hii ni kuanguka kwa Gécamines. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 ndani ya miaka michache. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Kila nyumba ya Likasi inaijua habari hiyo. Wengine walianza kulima, wengine kuchimba kwa mkono, na wengi wakachukua shoka. Papa aliyekuwa anasimamia tanuru la kiwanda akajikuta anasimamia tanuru la udongo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wamepima kwa picha za satelaiti eneo ambalo mji wa Lubumbashi unachukua makala yake. Mwaka 1990 msitu wa miombo ulifunika takriban asilimia 78 ya eneo hilo. Mwaka 2022 ulibaki takriban asilimia 40. Mashamba na migodi vina sehemu yake katika hasara hiyo, lakini makala iko mstari wa mbele.

Nataka mkae kidogo na mwaka 2002, kwa sababu ndani ya wiki saba serikali yetu ilitia sahihi sheria mbili zinazoeleza kila kitu. Tarehe 11 Julai 2002 ilitoka sheria ya migodi. Iliwapa wawekezaji punguzo la ushuru wa forodha kwa mashine na hata kwa mafuta ya kuendeshea kazi. Tarehe 29 Agosti 2002 ikatoka sheria ya misitu. Anayetaka kukata miti au kuchoma makala awe na kibali, alipe, na kuna kodi ya kupanda miti upya inayotakiwa kwenda kwenye Mfuko wa Taifa wa Misitu. Mambo hayo si mabaya kwenye karatasi. Msitu bila sheria unaisha. Lakini linganisheni: anayechoma mafuta ili kutoa shaba anapunguziwa, anayechoma miti ili watu wale bukari anaongezewa. Na sheria ya misitu haikutoa kitu kwa yule anayetaka kuchoma vizuri zaidi, wala kwa mama anayetaka mbabula inayokula makala kidogo.

Matokeo yake tunayaona barabarani. Mtu anayesukuma kinga analipa hapa, analipa pale, kwa risiti au bila risiti. Hakuna anayemuuliza kama ana kibali cha kweli, kwa sababu jibu halibadilishi bei. Mwenye kibali na asiye nacho wanatozwa sawa, basi kibali cha nini? Kodi inayopita njia hiyo haiwezi kupanda mti. Inaongeza tu bei ya gunia, na mama wa Likasi ndiye anayeilipa.

Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na amri ya mwaka 2015 ikapunguza kodi na ushuru kwa uzalishaji na uingizaji wa umeme. Kwetu mlango huo uliletea Mwadingusha uhai mpya. Mitambo yake sita ilikuwa imechoka. Kampuni ya Ivanhoe, pamoja na SNEL, iliitengeneza, na mwaka 2021 ikarudi kufanya kazi kwa megawati 78 hivi. Fedha zilikuwa mkopo kwa SNEL, unaorudishwa kwa kupunguza bili za umeme za mgodi wa Kamoa-Kakula ulio karibu na Kolwezi. Sina neno na mpango huo kama biashara. Bila pesa hizo mitambo ingekufa. Ila ni hesabu ileile ya 1930. Zaidi ya nyumba tisa kati ya kumi katika nchi yetu bado zinapika kwa kuni au makala.

Kuna mtu atasema: basi serikali ilipe watu, kama Ulaya. Wanalipa kweli, na hapo kuna hadithi ya kutuonya. Ireland ya Kaskazini, sehemu ya Uingereza, ilianza mpango Novemba 2012: mwenye kiwanda, hoteli au banda la kuku akiacha mafuta na kuweka jiko kubwa la vipande vya mbao, serikali inamlipa kwa kila kipimo cha joto anachotoa, kwa miaka 20. Nia ilikuwa njema, kupunguza hewa chafu. Lakini malipo yalizidi bei ya mbao zenyewe, na hawakuweka kikomo, tofauti na sehemu nyingine za Uingereza ambako malipo yalishuka baada ya kiasi fulani cha matumizi. Kwa hiyo kila ulipochoma zaidi ulipata zaidi. Watu wakakimbilia kujiandikisha, hasa mwaka 2015 walipojua kwamba malipo yatapunguzwa. Mpango ukafungwa Februari 2016, na gharama ya ziada ikakadiriwa kufikia pauni milioni 490. Januari 2017 serikali yao ya pamoja ikavunjika, sababu kubwa ikiwa ni mgogoro huo. Uchunguzi wa jaji Patrick Coghlin ulitoa ripoti yake mwaka 2020, na ulionyesha zaidi uzembe na kutojua kazi kuliko wizi.

Kwa mchoma-makala wa Kapolowe habari hiyo ni kama kichekesho. Kule watu walilipwa kuchoma mbao, huku watu wanatozwa. Lakini somo linatuhusu: ukilipia moto, utapata moto mwingi. Tunachohitaji kulipia ni mti uliosimama na makala yaliyopatikana kwa miti michache.

Hata hapa Kongo yamejaribiwa. Mampu, kwenye uwanda wa Bateke mashariki ya Kinshasa, hekta zipatazo 8,000 zilipandwa mikasia kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, kwa pesa za Ulaya, kisha zikagawiwa familia za wakulima karibu 300, kila moja hekta 25. Familia inalima muhogo kati ya miti, inavuna miti baada ya miaka kadhaa, inachoma makala, na msitu unaota tena. Goma nako, shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mpango wa EcoMakala kuzunguka hifadhi ya Virunga: mkulima mdogo anapanda miti ya makala katika shamba lake, anasaidiwa miche na anapewa malipo mti ukishika. Maelfu ya hekta zimepandwa hivyo, katika nchi yenye vita, ambako makala ya hifadhi yanalisha makundi ya silaha. Na tangu Desemba 2015 kituo cha Matebe cha hifadhi hiyo kinauza umeme kwa vijiji na miji ya jirani. Kama Rutshuru wameweza, sisi tunaokaa kwa amani tunangoja nini?

Jambo moja tu niongeze kutoka Kenya, kwa sababu wanasiasa wetu wanapenda kutaja gesi. Kenya iliondoa kodi ya gesi ya kupikia mwaka 2016, ikairudisha Julai 2021, ikaipunguza 2022, ikaiondoa tena 2023. Mama aliyenunua mtungi mwaka 2020 alirudi kwenye makaa mwaka 2021. Msaada unaokuja na kuondoka hauaminiki, na jiko la zamani halitupwi.

Kwa Kapolowe, chombo kipo tayari. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba ikabidhiwe kisheria msitu wake wa mababu, mpaka hekta 50,000, bila kununua. Kijiji chenye karatasi hiyo kinaweza kusema nani akate, wapi, na lini apumzishe. Kinaweza kudai kodi ya kupanda miti irudi kama miche na mafunzo ya tanuru. Bila karatasi, msitu ni wa serikali mpaka siku kampuni ya mgodi itakapoonyesha ramani yake, na siku hiyo wakubwa wa kijiji hawatakuwa na la kujibu. Machifu wetu na mbunge wa wilaya ya Kambove wanaweza kuulizwa jambo hili katika mkutano ujao, na redio itakuwepo.

Kuna sababu ya kuharakisha, na si ya kukata tamaa. Miti ya miombo haifi ikikatwa. Shina linachipua, na kama moto wa Septemba haukupita juu yake kila mwaka, baada ya miaka 20 au 30 kuna tena mti wa makala. Mashina waliyoyakata wale papa wa Gécamines mwaka 2004 sasa yamefikia umri huo. Mahali ambapo watu walizuia moto kuna fito nene kama paja. Wachomaji wanapajua, na msimu huu baadhi yao wamekwisha kuanza kupanga matanuru.